Dharura Yako Imepokelewa

Nchi ya Tamalaki ni ngumu kuipata kwenye ramani. Si kwamba ni ndogo. Idara ya Ramani ilihamishiwa jengo jingine miaka sita iliyopita, na hadi leo haijafahamika ni jengo lipi. Lakini nchi ipo. Ina bendera, ina wimbo wa taifa wenye beti kumi na moja, ina mawaziri thelathini na wanane, na ina ndege ndogo za watu binafsi kumi na tisa. Kwa ajili ya ndege hizo kumi na tisa kuna Mamlaka ya Usalama wa Marubani Binafsi yenye watumishi mia tatu na arobaini, ambao wawili kati yao wamewahi kupanda ndege.

Mambo yalianza siku shemeji yake Waziri wa Anga alipoishiwa mafuta juu ya shamba la mkonge. Alitua katikati ya mkonge, akatoka mzima, ingawa suruali ilibaki hukohuko. Ikaundwa tume ya watu tisa. Tume ilikaa miezi minne katika hoteli yenye mabwawa mawili ya kuogelea, ikatoka na ripoti nzito. Ilibainika kwamba rubani alikuwa na karatasi ya ukaguzi mfukoni. Ilibainika pia kwamba mstari wa tatu wa karatasi hiyo uliandikwa kwa herufi kubwa: PIMA MAFUTA. Rubani hakuisoma. Kwa hiyo, ilihitimisha tume, kosa ni la karatasi.

"Karatasi ilijua," alisema mwenyekiti wa tume mbele ya waandishi wa habari, sauti ikimtetemeka. "Ilijua, na ikakaa kimya."

Wiki iliyofuata likatoka tangazo. Kuanzia mwezi wa tatu ilikuwa marufuku kwa rubani binafsi yeyote kuingia na karatasi ndani ya ndege. Ukaguzi wote, kabla ya kuruka, hewani na baada ya kutua, ungefanyika kwa kishikwambi kilichosajiliwa, kupitia programu ya serikali iitwayo Ruka Salama.

Bi Sikudhani Mwinchande alilisikia tangazo hilo redioni akiwa anamenya muhogo. Alikuwa na umri wa miaka sitini na mmoja, daktari wa mifugo mstaafu. Kwa miaka mingi alikuwa akiruka huku na huko kuchanja ng'ombe wa mikoa isiyo na barabara, na alipostaafu idara ilimwachia ile ndege kwa kuwa hakuna aliyeitaka: injini moja, viti vinne, rangi nyeupe iliyokuwa ikibanduka mbavuni. Hakuwa akiruka kwa starehe tena. Mdogo wake, Mbaruku, figo zake zilikuwa zimeacha kazi. Kila Jumatatu na kila Alhamisi ilimpasa kulazwa kwa saa nne kwenye mashine ya kusafisha damu, na mashine ilikuwa Hospitali Kuu, katika Mji Mkuu, ng'ambo ya bonde la kinamasi. Kwa gari ilikuwa safari ya siku mbili kulizunguka bonde, kwa sababu daraja lilikuwa limezinduliwa mara tatu ila lilikuwa bado halijajengwa. Kwa ndege ilikuwa dakika hamsini.

"Kishikwambi tu, Dada," alisema Mbaruku, ambaye alikuwa amekaa kibarazani na blanketi magotini. "Watu wanavitumia kuangalia mpira. Wewe utashindwa?"

"Sishindwi," alisema Bi Sikudhani. "Nimeshawahi kutumia programu ya namna hiyo, ya wageni. Ilikuwa nzuri. Mistari ileile ya kwenye kadi ya ukaguzi, unagusa, unageuka kijani, unaendelea. Mimi sina ugomvi na kioo."

Akarudi kwenye muhogo wake. Alikuwa ameitumikia serikali kwa miaka thelathini na minne, na alijua kwamba serikali yake haiwezi kuacha kitu kizuri kikae kilivyo.

*

Semina ya uzinduzi ilifanyika Mji Mkuu. Walihudhuria marubani kumi na tisa na watumishi wa Mamlaka mia mbili na kumi, wote wamevaa fulana zenye picha ya ndege ambayo, kwa bahati mbaya, mchoraji aliipa bawa moja.

Waziri wa Anga, Mheshimiwa Lubadika, alipanda jukwaani kwa makofi.

"Ndugu marubani!" alinguruma. "Tunaambiwa dunia iko kiganjani. Sasa mimi nauliza: kama dunia yote iko kiganjani, anga ni nani hata ligome kuja kiganjani?"

Hakuna aliyejua anga ni nani. Watu wakapiga makofi.

Kisha programu ikaonyeshwa kwenye kioo kikubwa cha ukutani. Kiduara kidogo cha buluu kilianza kuzunguka. Kilizunguka dakika tano, kikazunguka dakika ishirini. Wahudumu wakagawa soda na sambusa, kikazidi kuzunguka.

"Mnaona inavyofikiri?" alisema Mheshimiwa kwa fahari. "Karatasi haifikiri."

Ulipofika wakati wa maswali, Bi Sikudhani alisimama. Alikuwa ameipitia orodha nzima usiku kucha hotelini, mistari mia mbili na kumi na minne, na macho yalikuwa yanamuuma.

"Mheshimiwa, kadi yangu ya zamani ilikuwa na upande wa nyuma. Upande huo uliandikwa mambo ya kufanya injini ikikohoa, ikishika moto, ikizima. Kwenye Ruka Salama sijauona. Injini ikizima hewani, nibonyeze wapi?"

Mheshimiwa aliinama kwa wataalamu wake. Wataalamu walinong'onezana, wakachoreana kwenye karatasi, wakaificha ile karatasi haraka.

"Swali zuri sana, mama yangu," alisema hatimaye. "Dharura zimo kwenye toleo la pili, ambalo litatoka mwezi wa tisa. Hadi wakati huo, serikali inawaomba marubani wote wasipate dharura."

Bi Sikudhani alikaa. Rubani aliyekuwa jirani yake, mzee mwenye ndege ya kunyunyizia dawa mashamba, alimsogezea sambusa yake. Waliimba beti zote kumi na moja.

*

Jumatatu ya kwanza ya mwezi wa tatu walifika kiwanja cha Mbwego saa kumi na mbili asubuhi, jua likiwa ndiyo kwanza linatoka. Kiwanja chenyewe kilikuwa nyasi zilizofyekwa, banda la mabati na soksi ya upepo, kile kitambaa cha mlingotini kinachoonyesha upepo unakovuma. Mlinzi wa soksi ya upepo, Bwana Shawali, mwanamume wa makamo mwenye sauti ya chini, alikuwa amepandishwa cheo. Sasa alikuwa Mkaguzi Mkazi wa Vishikwambi. Alipewa kizibao kinachong'aa na kiti cha plastiki.

"Shikamoo, Mama," alisema. "Nimeambiwa nihakikishe huna karatasi."

"Marahaba, Shawali. Sina."

"Hata ya dukani? Ya kufungia njugu?"

"Sina, mwanangu."

Shawali aliandika kwenye daftari kwamba hakuna karatasi.

Bi Sikudhani alimsaidia Mbaruku kupanda, akamfunga mkanda, akawasha kishikwambi. Mstari wa kwanza ulimtaka akubali masharti, kurasa sabini na nne, na programu ilikuwa inamtazama machoni kuhakikisha anasoma. Mstari wa pili ulitaka picha ya uso bila miwani. Bila miwani hakuweza kuona pa kubonyeza. Akivaa miwani, programu ilisema haimfahamu. Ikabidi Mbaruku amwongoze. "Kushoto, Dada. Juu kidogo. Hapo umefuta. Anza tena." Mstari wa tano ulikuwa salamu za Waziri, dakika tatu, hazirukiki. Mstari wa tisa uliuliza kama rubani ni mjamzito, na majibu yalikuwa Ndiyo, Hapana na Sina Hakika. Mstari wa sitini uliamuru injini iwashwe. Mstari wa mia moja kumi na saba uliuliza rubani ameridhika kwa kiasi gani na huduma hii. Mstari wa mia moja kumi na nane ulisema: pima mafuta. Mstari wa mia moja thelathini na moja ulimtaka ashuke, afungue boneti na kuchungulia oili, huku injini ikiwa inaunguruma tangu mstari wa sitini na pangaboi likizunguka sentimita chache kutoka pale ambapo kichwa chake kingekuwa.

Alilitazama pangaboi kupitia kioo cha mbele. Kisha akaweka alama ya kijani bila kushuka. Ilikuwa mara ya kwanza katika maisha yake ya urubani kusema amekagua kitu ambacho hakukikagua, na moyo ulimsuta njia nzima.

Waliruka saa mbili na robo.

Tangu siku hiyo akajitungia utaratibu. Alikuwa anafika kiwanjani kabla ya saa kumi na mbili, anaizunguka ndege kwa mikono na macho kama alivyofundishwa: anachovya kijiti kwenye tangi la mafuta, anakinga mafuta kidogo kwenye chupa aone kama yana maji, anapapasa bawa, anatikisa usukani, anachungulia oili injini ikiwa baridi. Dakika kumi. Hayo yalikuwa kwa ajili ya ndege. Kisha anapanda na kuanza upya, saa mbili, kwa ajili ya serikali. Wakati wa ukaguzi ule wa kwanza Shawali hugeuza kiti chake akatazama soksi ya upepo kwa makini, kana kwamba hajawahi kuiona.

Lakini hospitalini foleni haikuwa na huruma. Aliyechelewa, saa zake zilikwenda kwa mwingine.

"Bibi, nitawapa saa mbili tu leo," muuguzi alikuwa akisema, bila ukali. "Wa saa sita ameshafika."

"Anahitaji nne."

"Najua anahitaji nne."

Saa mbili badala ya nne, wiki hadi wiki. Uso wa Mbaruku ulianza kuvimba asubuhi. Akaanza kulala akiwa amekaa, kwa kuwa akilala chali pumzi inakata. Utani ulimpungua. Zamani angeikejeli ile salamu ya Waziri kwa kuiigiza neno kwa neno, sasa alikuwa anaegemeza kichwa dirishani na kusubiri iishe. Bi Sikudhani aliandika barua kwa Mamlaka. Alijibiwa kwamba barua ni karatasi.

*

Mwezi wa tisa toleo la pili likatoka, na kweli lilikuwa na dharura. Zilikuwa themanini na nane, zimepangwa kwa alfabeti, kuanzia Abiria Kupiga Chafya. Redioni Mheshimiwa Lubadika alitangaza kwamba sasa marubani wako huru kupata dharura, mradi wafuate utaratibu.

Alhamisi ya pili ya mwezi huo waliruka katika ukungu mwepesi. Walipofika katikati ya bonde, chini kukiwa na matete na maji meusi tu, hewa ikiwa nzito kama nguo iliyoloa, Bi Sikudhani alihisi kitu kwenye nyayo kabla hajakisikia. Injini ilipunguza mzunguko. Ikakohoa. Ikarudi. Ikakohoa tena, mara mbili.

Mbaruku alifungua macho. "Nini hiyo?"

Kabla hajajibiwa, kishikwambi kikapiga king'ora na kioo kikawa chekundu. Maandishi yakatokea: Tumegundua huenda una dharura. Tukio lako limeandikishwa. Tafadhali chagua aina ya dharura yako kati ya themanini na nane.

"Shika hiki," alisema Bi Sikudhani akimtupia kishikwambi mapajani. "Usiniulize kitu."

Mkono wake wa kulia ulikuwa umeshakwenda. Asubuhi yenye ukungu juu ya maji, injini inapoteza nguvu polepole: hiyo ni barafu ndani ya kabureta, na dawa yake ni kuvuta kitasa kimoja kidogo kinachopeleka hewa ya moto. Alikivuta hadi mwisho. Injini, badala ya kupona, ikatetemeka vibaya zaidi. Ndege nzima ikagongagonga kama debe lenye mawe.

"Dada, umeizidishia!"

"Inayeyuka. Barafu ikiyeyuka ni maji, na maji lazima injini iyatapike. Ngoja."

"Hiki kinasema niandike maelezo ya dharura. Maneno yasiyopungua hamsini."

"Andika."

Alishusha pua kidogo ili ndege isipoteze mwendo. Akabadilisha tangi la mafuta. Akagusa swichi, moja baada ya nyingine, akinong'ona maneno ya upande wa nyuma wa kadi ambayo hakuwa nayo. Kule chini matete yalianza kuonekana moja moja. Alitafuta mahali pakavu pa kutua, hakupaona, akaacha kutafuta, maana alijua mkono ukianza kusita ndipo watu hufa. Kitasa kikabaki kimevutwa.

"Nimefika maneno arobaini na mbili," alisema Mbaruku. Sauti yake ilikuwa nyembamba, lakini alikuwa anaandika. "Nimeandika injini inakohoa. Nimeandika dada yangu ni rubani hodari sana, sana, sana. Kinakubali kurudia?"

"Sijui, mdogo wangu."

"Kimekubali. Sasa kinasema kimetuma namba ya uthibitisho kwenye simu yako."

"Huku hakuna mtandao."

"Ndiyo, kinajua. Kinasema kama hakuna mtandao, tembelea ofisi yetu iliyo karibu nawe."

Hapo injini ikapiga kishindo kimoja kikubwa, ikatema, ikanyamaza nusu pumzi. Bi Sikudhani alimsikia ndugu yake akianza kusali. Kisha mngurumo ukarudi, kwanza kwa kukwaruza, halafu ukawa laini, halafu ukawa ule mngurumo wake wa siku zote. Pua ikapanda. Matete yakarudi kuwa rangi moja ya kijani.

Waliruka hivyo hadi waliposhuka kutoka kwenye ukungu na kuziona paa za mabati za Mji Mkuu. Hapo ndipo mtandao ulipopatikana na kishikwambi kikalia kengele ya upole. Mbaruku akasoma kwa sauti.

"Ndugu Rubani, dharura yako imepokelewa. Itashughulikiwa ndani ya siku saba za kazi. Tafadhali usichukue hatua yoyote hadi utakapojibiwa."

Akacheka. Alicheka mpaka akakosa pumzi, na ikabidi Bi Sikudhani amwambie aache.

Alitua vizuri. Alipotaka kubonyeza kitufe cha Nimetua, kilikuwa kimefungwa kwa kufuli. Chini yake paliandikwa: Huwezi kutua ukiwa na dharura inayoshughulikiwa. Alikitazama, akakizima kishikwambi, akamshika mdogo wake mkono wakaenda hospitali. Kwa bahati mgonjwa wa saa sita hakutokea, na Mbaruku akapata saa zake nne zote. Jioni waliruka kurudi Mbwego kishikwambi kikiwa bado kimezimwa, lakini Jumatatu, mbele ya Shawali, orodha ilikataa kufunguka na Mbaruku akaikosa mashine.

*

Barua ya wito ililetwa kwa mkono siku ya saba, Jumatano, na kikao kilikuwa siku hiyohiyo, mjini Mbwego, katika ukumbi wa halmashauri. Wajumbe watano walikuwa wamesafiri siku mbili kwa gari kulizunguka bonde. Walikuwa wamechoka na wamevimba miguu. Mwenyekiti alisoma shitaka: kutatua dharura bila kibali.

"Nilivuta kitasa cha hewa ya moto," alisema Bi Sikudhani. "Nisingekivuta tungeanguka kwenye kinamasi."

"Hilo hatuna hakika nalo, kwa kuwa hamkuanguka," alisema mwenyekiti. "Lakini kuna jambo kubwa zaidi. Mfumo unaonyesha ndege yako bado iko hewani."

"Ndege iko kiwanjani. Mmepita kando yake mkija."

"Tumeiona. Hatukatai kwamba tumeiona. Ila kwenye mfumo haijatua. Dharura iko wazi, na dharura ikiwa wazi huwezi kutua."

"Mheshimiwa mwenyekiti, mimi niko hapa mbele yako."

Mwenyekiti aliinua mkono kwa upole, kama mtu anayemtuliza mgonjwa. "Mama, tusibishane na mfumo."

Wajumbe walishauriana. Mmoja alipendekeza dharura ifungwe, mambo yaishe. Ikaonekana kwamba dharura hufungwa na rubani mwenyewe, akiwa ndani ya ndege, ndege ikiwa inaruka. Basi aruke akaifunge, alisema mwingine. Ikaonekana kwamba hawezi kuruka, kwa sababu orodha ya kuruka haifunguki kwa ndege ambayo tayari iko hewani. Walilizunguka jambo hilo hadi chai ikaletwa. Baada ya chai wakaamua kwamba suala lipelekwe kwa watengenezaji wa toleo la tatu.

"Hilo litachukua muda gani?" aliuliza Bi Sikudhani.

"Mwakani, Mungu akipenda."

"Ndugu yangu ana mashine kesho asubuhi."

Mwenyekiti alivua miwani, akaisugua kwenye tai. Kwa mara ya kwanza alionekana kama mtu mwenye nyumba na watu wake. "Tutamwombea," alisema, na ilionekana wazi kwamba alimaanisha.

Bi Sikudhani alirudi nyumbani kwa miguu. Hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililomtisha. Aliitafuta hasira ndani yake kama mtu anayetafuta ufunguo mkobani, akakuta uchovu tu. Mbaruku alikuwa amekaa kitini, uso umejaa, anapumua kwa mafungu. Hakumuuliza kikao kimekwendaje. Alimwangalia usoni, kisha akasema, "Kaa basi, Dada. Umesimama tangu asubuhi."

*

Asubuhi iliyofuata alimpeleka kiwanjani. Hakuwa na mpango. Ilikuwa Alhamisi, na siku ya Alhamisi miguu yao ilijua njia.

Shawali alikuwa kwenye kiti chake, kizibao kinang'aa, barua ya Mamlaka mkononi. Alisimama walipofika.

"Shikamoo, Mama. Shikamoo, Mzee. Nimeandikiwa nisiruhusu ndege hii iruke."

"Marahaba. Najua."

"Nimeisoma mara nyingi hii barua." Aliikunjua tena, akapitisha kidole. "Wanasema ndege hii iko angani. Wameandika hivyo kabisa, na muhuri. Sasa mimi mkataba wangu nao nimeusoma. Unasema nitakagua ndege zote zinazoruka kutoka Mbwego." Akakohoa. "Iliyo angani tayari hairuki kutoka Mbwego, Mama. Imesharuka. Hiyo siyo yangu."

Bi Sikudhani alimtazama. Mkaguzi Mkazi wa Vishikwambi hakumtazama. Alikuwa anaikunja barua vipande vidogo zaidi na zaidi.

"Shawali, watakufukuza kazi."

"Watanifukuza kwa kosa gani? Kwa kutosimamisha ndege ambayo wao wenyewe wanasema haipo hapa?" Akaokota kiti chake. "Mimi hapa naona nyasi tu. Mzee, nikushike mkono upande? Kuna kingazi hapo, angalia."

Alimpandisha Mbaruku, akamfunga mkanda, akaenda kukaa upande wa pili wa banda, mgongo kwa uwanja. Bi Sikudhani aliizunguka ndege kwa macho na mikono, dakika kumi. Mafuta, maji, oili, bawa, usukani. Kisha akaruka. Walifika hospitali saa mbili kasoro robo, na muuguzi, alipowaona, alitazama saa ya ukutani mara mbili.

Jumatatu waliruka tena. Na Alhamisi. Uso wa Mbaruku ulipungua, akaanza kulala chali. Mwezi wa kumi na moja akaanza kumwigiza Waziri, salamu nzima, na pale pa "ndugu marubani" alikuwa ananguruma hadi vioo vinatikisika. Hakuna aliyewasimamisha. Siku moja mtumishi wa Mamlaka pale Mji Mkuu alifika hadi kwenye bawa na daftari lake, akauliza namba ya ndege, akaitafuta kwenye kishikwambi chake, akaona iko hewani, akaomba radhi na kuondoka.

Mwishoni mwa mwaka, Jumatatu moja, Bi Sikudhani alikuwa amekaa kwenye benchi la wanaosubiri wagonjwa, nje ya chumba cha mashine. Kupitia kioo cha mlango aliweza kuuona mkono wa Mbaruku na mpira uliojaa damu. Juu ukutani televisheni ilikuwa inaonyesha Mheshimiwa Lubadika akihutubia wageni kutoka nchi tatu.

"Leo hii," alikuwa anasema, "ninavyozungumza nanyi, kuna ndege ya Kitamalaki, ya rubani binafsi, mwanamke, ambayo imekaa angani siku mia moja na tatu bila kutua! Mia moja na tatu! Hakuna taifa lililowahi kufanya hivyo. Na hiyo, ndugu zangu, ni kazi ya Ruka Salama. Tulitaka tumkabidhi nishani leo, lakini wataalamu wananiambia hajashuka. Nasema, asisumbuliwe! Aendelee!"

Wageni walisimama na kupiga makofi.

Mwanamke mmoja aliyekuwa mwisho wa benchi, mwenye chupa ya uji mapajani, alitikisa kichwa kwa masikitiko.

"Siku mia moja na tatu," alisema. "Maskini. Huyo mama atakuwa amechoka."

"Amechoka sana," alisema Bi Sikudhani.

Akavua viatu, akanyoosha nyayo zake mbili juu ya sakafu ya saruji, baridi, akafumba macho.